Mbuta akivuta, rili yako itajibu nini?

Vijana wengi wa mjini hununua rili jinsi wanavyonunua raba: kwa rangi, kwa jina la kampuni, na kwa namba iliyochapwa kwenye boksi. Wikendi ikifika wanaabiri matatu hadi Homa Bay, wanavuka daraja la Mbita kuingia Rusinga, wanarusha chambo kando ya mawe. Mbuta wa kilo 15 anakamata. Sekunde tano baadaye, pa! Uzi umekatika, samaki ameenda na ndoana mdomoni, na msee amebaki ameshika fimbo iliyonyooka kama mwiko.

Hapo lawama huanza. Uzi ulikuwa feki. Rili ilikuwa ndogo. Samaki alikuwa jini. Mara nyingi ukweli ni rahisi kuliko hayo: breki ya rili ilikwama, ilikazwa kupita kiasi, au mwenye rili hakujua imewekwa pale kufanya nini. Kwa samaki mwenye nguvu, kazi ya kwanza ya rili ni kuachilia uzi vizuri. Kumvuta ni kazi ya pili. Ukilielewa hilo utajua cha kununua, utajua cha kufanya akikamata, na utaacha kumwaga pesa ziwani.

Unapambana na nani?

Mbuta, ambaye majirani zetu wa Tanzania humwita sangara, si mwenyeji wa Ziwa Victoria. Aliletwa miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ametapakaa kila kona ya ziwa. Ni samaki mkubwa kweli. Rekodi ya dunia ya mbuta aliyenaswa kwa fimbo na rili ni kilo 104.3, kutoka Ziwa Nasser nchini Misri, mwaka 2000. Hapa kwetu wengi wanaofika bichi siku hizi ni wadogo, lakini wakubwa bado wapo kwenye mawe na vilindi vya Rusinga na Mfangano katika kaunti ya Homa Bay, na upande wa Migori kuanzia Sori hadi Muhuru Bay.

Mbuta hapigani kama mkimbiaji wa marathoni. Yeye ni wa mbio fupi. Akihisi ndoana anaondoka kwa kishindo, anatikisa kichwa, na mara nyingi anaruka nje ya maji akiwa amefungua mdomo ili aiteme. Akishindwa, anapiga mbizi kutafuta jiwe. Mbio ya kwanza ndiyo hatari zaidi, kwa sababu ndiyo yenye nguvu nyingi na ndiyo inayomkuta mvuvi bado ameduwaa.

Ziwani kuna wababe wengine pia. Mumi mkubwa kwenye matope na magugu anavuta kwa uzito, polepole lakini bila kuchoka. Kamongo anajikunja na ana meno ya kukata. Ukishuka Pwani utakutana na kolekole na jodari, ambao wanaweza kumaliza uzi wote wa rili ndogo kabla hujaita mwenzako. Kanuni utakazosoma hapa zinafaa kwa hao wote, ila kipimo cha kifaa hubadilika.

Rili hii ilitoka kiwandani kwa nguo

Rili tunayoizungumzia ni ile inayoning'inia chini ya fimbo, yenye bobini isiyozunguka unaporusha. Mwingereza Alfred Holden Illingworth, aliyekuwa katika biashara ya nguo za sufu mjini Bradford, aliisajili kama uvumbuzi wake mwaka 1905. Uzi unatoka kwa kuteleza juu ya ukingo, kwa hiyo chambo huenda mbali hata kikiwa chepesi, na uzi haujifungi mafundo ovyo kama kwenye rili ya ngoma inayozunguka.

Unapozungusha mkono wa rili, gia huzungusha rota, na rota huuzungusha uzi juu ya bobini. Kile kiwaya kilichopinda kinachofunguliwa kabla ya kurusha tukiite beli. Halafu kuna kile kifundo cha kukaza kilicho mbele ya bobini, au nyuma ya rili kwa aina nyingine. Hicho ndicho kinachoongoza breki. Wengi hukikaza mara moja dukani na hawakigusi tena hadi siku ya msiba.

Breki ni kama klachi ya boda

Ndani ya bobini kuna washa kadhaa zilizopangwa kama sahani. Ukikaza kifundo, zinabanana. Samaki akivuta kupita kiwango ulichoweka, zinateleza, bobini inazunguka na uzi unatoka. Mwendeshaji boda ataelewa haraka: ni kama klachi. Klachi nzuri hushika taratibu, pikipiki ikaondoka kama maji. Klachi mbovu hugoma, kisha hushika ghafla, abiria akarushwa nyuma.

Breki mbovu hufanya vivyo hivyo. Samaki anavuta, haiachi. Anavuta zaidi, bado. Kisha inaachia kwa mshtuko. Katika ile nusu sekunde ya kugoma, uzi umebeba mzigo mkubwa mno kuliko kipimo ulichodhani umeweka. Hapo ndipo hukatika. Kwa hiyo ile kilo ya juu kabisa iliyoandikwa kwenye boksi haikusaidii kama breki haianzi kuteleza kwa ulaini.

Washa za felti ni laini na zinafaa kwa samaki wa kawaida, lakini joto la mbio ndefu na maji huzisumbua. Washa za nyuzi za kaboni huvumilia joto vizuri zaidi, na ndizo utakazozikuta kwenye rili nyingi zilizoundwa kwa samaki wakubwa.

Ukiwa dukani, pima hivi. Kaza breki kiasi, funga beli, kisha vuta uzi kwa mkono polepole sana. Bobini inapaswa kuanza kuzunguka bila kusitasita. Sasa vuta kwa kushtua, kama samaki anayeondoka. Ukisikia inagoma kisha inaruka, iache kwenye rafu. Muuzaji akikuambia italainika ukiitumia, mshukuru na uondoke.

Namba za boksi zinasema nini?

Shimano, Daiwa, Penn na kampuni nyingine hutumia namba kama 4000, 6000 na 10000. Namba hiyo ni kipimo cha ukubwa tu, na 5000 ya kampuni moja inaweza kuwa tofauti kabisa na 5000 ya nyingine. Kwa kuvulia ukiwa ufuoni au kwenye boti hapa Homa Bay na Migori, rili za kati ya 5000 na 8000 zinatosha kwa mbuta wengi. Kubwa kuliko hapo ni nzito, na ukirusha chambo tangu alfajiri hadi saa nne, bega litakuuliza maswali. 10000 na kuendelea iachie Pwani, au safari ambayo umejipanga kwa samaki mkubwa hasa.

Kuliko namba, angalia mambo haya manne.

Kwanza, mwili. Rili ya plastiki nyepesi hujipinda kidogo samaki akivuta. Huoni kwa macho, lakini gia ndani hazikutani tena sawasawa na zinaanza kusagana. Mwili wa chuma au alumini hukaa imara. Shika rota kwa mkono mmoja na mwili kwa mwingine, ujaribu kuvitikisa. Kukiwa na mchezo mwingi, achana nayo.

Pili, mkono wa kuzungushia. Ule unaoskurubiwa moja kwa moja ndani ya gia ni imara kuliko ule unaokunjwa na kubanwa kwa skrubu ya upande. Kishikio kikubwa cha mviringo husaidia mikono ikiwa na maji.

Tatu, nafasi ya uzi. Tafuta rili inayobeba mita 200 hadi 300 za uzi utakaotumia. Ukitumia uzi wa kusokotwa, anza kwa mita chache za nailoni chini yake. Bila hivyo uzi huo unaweza kuteleza wote kwa pamoja juu ya bobini, ukadhani breki imeharibika. Jaza hadi ibaki milimita mbili au tatu kufikia ukingo. Ukijaza kupita hapo, utatoka kwa mafungu.

Nne, kasi ya gia. Ukiona 5:1, maana yake ni kwamba ukizungusha mkono mara moja, rota inazunguka mara tano. Kasi kubwa inasaidia kukusanya uzi uliolegea, lakini huwa nzito samaki akiwa amebisha. Kwa mbuta, kasi ya kati inatosha kabisa.

Hesabu ya mizani

Usipime breki kwa kubahatisha. Kwenye bichi yoyote ya samaki kuna mizani ya kuning'iniza, ile ya wachuuzi. Hiyo ndiyo rafiki yako.

Tuseme una uzi wa pauni 30. Hizo ni kama kilo 13.6. Breki iwekwe kati ya robo na theluthi ya nguvu ya uzi, yaani kati ya kilo 3.4 na 4.5. Kwa nini isiwe kumi? Kwa sababu fundo hupunguza nguvu ya uzi, mawe huukwaruza, na samaki huongeza mshtuko wake. Pitisha uzi kwenye vipete vya fimbo, ufunge kwenye mizani, mwenzako aishike, wewe inua fimbo kama unayepigana. Rekebisha kifundo hadi bobini ianze kuzunguka mizani ikisoma kilo nne. Ukiona kilo nne ni kidogo, jaribu kuzishikilia kwa fimbo iliyopinda kwa dakika tano. Utaomba poo.

Kuna hesabu nyingine ambayo wengi hawaijui. Samaki akikimbia na uzi ukapungua, mzunguko wa uzi uliobaki kwenye bobini huwa mdogo, na breki inakuwa ngumu yenyewe bila wewe kuigusa. Kama uzi ulijaa hadi upana wa sentimita 6 na sasa umeshuka hadi 4, breki ya kilo nne imekuwa ya kilo sita. Ongeza msuguano wa uzi mrefu unaokokotwa majini, na mzigo umepanda tena. Kwa hiyo samaki akienda mbali, ile hamu ya kukaza zaidi ndiyo itakayokukatia uzi. Tulia. Ukihitaji kubadilisha kitu, legeza kidogo.

Mwishoni mwa uzi wa kusokotwa funga mita moja au mbili za nailoni nene, ya pauni 60 au zaidi. Meno ya mbuta ni madogo lakini yanakwaruza kama msasa, na kifuniko cha matamvua yake kina makali. Uzi mwembamba hapo haudumu.

Akishakamata

Kosa kubwa la wageni ni kuzungusha mkono wakati samaki anaondoka. Bobini inateleza upande mmoja, wewe unazungusha rota upande mwingine, na hakuna hata sentimita inayoingia. Kinachoingia ni msokoto. Kwa rili ya 5:1, ukizungusha mara kumi bure umeusokota uzi mara hamsini. Kesho yake ukirusha, uzi unajikunja kama tambi, na unalaumu kiwanda.

Fanya hivi. Akikimbia, shikilia fimbo ikiwa imepinda na umwache alipe kwa kila mita. Akisimama, inua fimbo taratibu kumsogeza, kisha ishushe huku ukizungusha kukusanya uzi ulioupata. Inua, shusha, kusanya. Fimbo ndiyo inayovuta. Rili inaweka akiba. Usiipandishe fimbo hadi ikasimama wima kabisa, maana huko ndiko huvunjikia.

Ukihisi uzi unapanda haraka kuelekea juu ya maji, anataka kuruka. Shusha fimbo upande na uzi usilegee. Ukivulia kwenye mawe, mgeuze mapema kwa kumvuta kutoka pembeni, kabla hajafika nyumbani kwake. Beli ifunge kwa mkono kila baada ya kurusha, usisubiri rili ijifunge yenyewe. Na usiushike uzi wa kusokotwa kwa vidole vitupu samaki akivuta, utakukata hadi mfupani. Wavuvi wa mshipi wa mkono ziwani wanaujua ukweli huu kuliko mtu yeyote: kwao breki ni kiganja chenyewe, na kiganja kisichojua kuachilia hupoteza samaki na ngozi.

Yule mkubwa ni wa kurudi

Sasa tufike pale penye uzito. Nchi tatu zinazogawana Ziwa Victoria ziliafikiana kuhusu kipimo cha mbuta wa kuvuliwa: sentimita 50 hadi 85. Walio chini ya hapo wengi hawajazaa hata mara moja. Walio juu ya hapo ni wazazi. Kwa mbuta, majike ndio hukua wakawa wakubwa zaidi, na jike kubwa hubeba mayai kwa mamilioni.

Mbuta wa kilo 15 huwa na urefu wa karibu mita moja. Maana yake, yule samaki unayemtafuta kwa rili kubwa ndiye hasa anayetakiwa kurudi majini. Mabondo yake, ule mfuko wa hewa ulio tumboni, yana soko la bei kubwa huko Uchina, kwa hiyo kishawishi si kidogo. Lakini vijana wa bichi ndio watakaobaki na ziwa lisilo na kitu.

Hapa breki inakuwa zaidi ya suala la kutopoteza chambo. Ukiikaza mno, samaki anaondoka na ndoana na mkia wa uzi unaoweza kunasa kwenye mawe, akafa polepole. Ukiilegeza mno, pambano linachukua nusu saa, na samaki anafika kwako amechoka kiasi kwamba hata ukimwachilia hatapona. Breki iliyopimwa humleta haraka akiwa bado na nguvu. Kandamiza kijino cha ndoana kwa plaizi kabla ya kuanza, ili itoke upesi. Mpime akiwa majini au juu ya kitu kilicholowa, piga picha moja, mshikilie wima ndani ya maji hadi ajitoe mwenyewe mikononi. Aliyetolewa kilindini anaweza kufika juu amevimba kwa hewa, kwa hiyo ukitaka kuwaachilia samaki, vulia sehemu zisizo na kina kirefu.

Kuna pesa pia katika hili. Hoteli za Rusinga na Mfangano zimekuwa zikipokea wageni wanaokuja kuvua mbuta kwa burudani. Mgeni huyo anahitaji kijana anayejua mawe yalipo, anayejua upepo wa ziwa hugeuka saa ngapi, na anayeweza kumwekea breki sawasawa. Mbuta aliyeuzwa kwa kilo huuzwa siku moja. Aliyerudishwa anaweza kumleta mgeni mwingine mwakani.

Kabla ya kushuka majini, pitia ofisi ya kamati ya usimamizi wa bichi, BMU, uulize kuhusu leseni ya uvuvi wa burudani, sehemu za mazalia zilizofungwa, na mipaka. Ukiwa Muhuru Bay uko jirani na maji ya Tanzania, na mzozo wa Kenya na Uganda kuhusu kisiwa cha Migingo ulichochewa na samaki huyuhuyu, kwa hiyo usimfuate mbuta hadi usikokujua. Vaa jaketi la kujiokoa muda wote, hata kama nahodha anakucheka. Kwenye matete, uliza kwanza kuhusu viboko.

Itunze ikutunze

Maji ya ziwa hayana chumvi, lakini mchanga wa Sori ni adui tosha. Usiilaze rili chini. Ukirudi nyumbani, ifute kwa kitambaa chenye maji safi. Usiimwagie maji ya presha, yatasukuma uchafu hadi kwenye beringi. Legeza breki kabisa kabla ya kuihifadhi, kwa sababu washa zinazobanwa wiki nzima hugandana, na Jumamosi ndiyo hiyo klachi inayogoma. Mafuta ya kulainishia yaende kwenye beringi na maungio, si kila mahali. Usipulizie mafuta ya kopo ovyo ndani ya washa.

Kama mfuko umekaza, rili moja ya kawaida yenye mwili imara na breki laini inashinda mbili za kung'aa. Mtumba nao si dhambi: zungusha, sikiliza kama inakwaruza, tikisa rota, na ufanye lile jaribio la kuvuta uzi polepole kisha kwa kushtua. Pesa inayobaki weka kwenye uzi mzuri na jaketi. Mizani utaazima bichi.